Masale Kumi na Mawili na Makopo ya Rangi ya Fizi

Siku mliyoniaga mlinipa chombo cha maua ya plastiki. Nilishukuru mbele za watu kwa sababu mama yangu alinilea kwa adabu, lakini nyumbani nimekiweka juu ya kabati, kimegeukia ukutani. Mtu ametunza nyumba na bustani miaka ishirini na saba, mnamuaga kwa ua ambalo halijawahi kuonja udongo. Na ua la plastiki si kwamba halina kazi. Ukilifuta vumbi linahamia kwenye jani la pili, ukilifuta la pili linarudi la kwanza, na mgeni akiingia anaona uchafu wenye rangi nne.

Basi siku ile ile Neema wa mapokezi akasema, "Bibi Skola, tuandikie basi mambo ya kazi, tusije tukayasahau." Nikacheka moyoni. Utasahauje kitu ambacho hukuwahi kukijua? Lakini nimekaa, nimechukua daftari la mjukuu, naandika. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo asiwepo mtu wa kunitafutia nukta na mkato. Anayetaka mkato akakate ukoka.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, hapo hapo Viwanja Sitini, Ifakara, nyumba ya wageni ikiwa na vyumba sita na choo kimoja cha nje. Siku ya kwanza nilifika na jembe langu mwenyewe begani, kwa sababu mama alisema mtu asiye na jembe lake ni mgeni kila mahali. Nikamkuta Mzee Gaspari. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa mzee mwembamba, mgongo umepinda kwa kuinamia matuta, na alikuwa haongei na mtu mpya mpaka amwone anafagia.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fagia."

Nikafagia. Majani nikayasukumia kwenye kona, nyuma ya pipa, kama nilivyokuwa nafanya kwetu. Akaja, akasimama, akatazama ile kona muda mrefu.

"Hapa umefagia au umeficha?" akauliza.

"Nimekusanya, mzee."

"Nyoka naye atakushukuru kwa kumkusanyia kitanda."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nyie wenye simu mpaka leo hamjalielewa. Bonde hili si Ulaya. Hapa uwanja mzuri ni uwanja mweupe, uliofagiliwa kila asubuhi mpaka ukaonyesha alama za ufagio, ili kitu chochote kikipita wakati watu wamelala, asubuhi ukione njia yake. Mnaona watu wanaotandaza ukoka mpaka mlangoni, halafu wanaita watu waje kuua koboko chumbani. Nani alimwalika? Ninyi mlimtandikia zulia.

Somo la pili la Mzee Gaspari lilikuwa makopo. Alisema ardhi ya Ifakara masika inakunywa maji mpaka inalewa, na mti wa maua ukikaa na miguu ndani ya maji unaoza. Kwa hiyo kila shimo la mti alitoboa kopo bovu matundu, akalifukia chini kabisa, akaweka pumba za mpunga zilizochomwa, ndipo udongo, ndipo mche. "Kopo linashika pumzi," alisema. Mimi nikalishika kama amri ya kanisani. Hakuna mche niliopanda kwenye bustani ile bila kopo chini yake. Nanyi nimewafundisha hivyo hivyo, na mmenung'unika, na mmefukia.

Pumba lazima zichomwe. Pumba mbichi ni kutangaza harusi ya panya. Na mbolea ya ng'ombe vile vile isiwe mbichi. Niliwahi kumfuata Msukuma mmoja aliyekuwa na zizi upande wa mtoni, nikajaza magunia mawili nikiwa na haraka ya mtu mjinga. Yule baba akaniangalia, akaniita mama kwa Kisukuma, akasema taratibu, "Mayu, hiyo bado ina moto. Iache ilale." Sikumsikiliza. Nikajiambia mchunga ng'ombe anajua nini habari za maua. Wiki mbili waridi zote zikawa kahawia kama tumbaku. Tangu siku hiyo, mtu wa ng'ombe akiongea habari za kinyesi, mimi nanyamaza.

Mzee Gaspari alipochoka akarudi kwao Chita kulima mpunga wake, akaniachia fyekeo, mkasi wa kukatia ua, na tabia ya kudharau watu. Ndipo akaja Meneja.

Jina lake silitaji. Wengine wanatoka makazini wakiacha majina, yeye aliacha rangi. Alikuja na mkewe, mama mmoja mzuri wa sura, mwenye majarida ya picha za nyumba za watu. Nyumba ambazo hazina watoto, hazina kuku, hazina hata viatu mlangoni. Akawa anafungua ukurasa, ananionyesha. "Skola, unaona hii?" Naona, mama. "Nataka hivi." Kama vile ukuta wetu una masikio.

Kabla yake kuta zetu zilikuwa za chokaa. Nawaambieni, kwa nyumba ya bondeni hakuna kinachoishinda chokaa. Unailoweka, unaitia chumvi konzi mbili, unaiacha mpaka kesho yake, unapaka mikono miwili, wa kwanza ukikauka ndipo wa pili. Ukuta unapumua, maji yanayopanda kutoka chini yanatoka, na mwakani unapaka tena. Mama Meneja akasema chokaa ni ya zizi la nguruwe. Ikaagizwa rangi ya mafuta kutoka Dar, ikaja kwa treni, makopo kumi na mawili. Nikafungua la kwanza nikafikiri limeharibika njiani. Ilikuwa rangi ya fizi. Fizi za mtoto mchanga akilia. Nyumba nzima ikapakwa fizi, ndani na nje.

Viwanja Sitini walikuja kutazama kama wanavyokuja kutazama lori lililopinduka. Walevi wakawa wanaelekezana kwayo: pita fizi, kata kushoto. Masika yalipofika, maji yakapanda ukutani, yakakuta rangi ya mafuta imeziba njia, na ukuta ukaota malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa uji. Mama Meneja akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nilimwambia, mara mbili. Lakini mimi sikuwa jarida.

Mapazia nayo. Akashona mapazia marefu ya kuburuza sakafuni, kama gauni la bibi harusi. Mchwa wa Ifakara hajawahi kupewa ngazi nzuri kama ile. Pazia liishie vidole vinne juu ya sakafu, sikilizeni, vidole vinne, ili ufagio upite na mchwa apate kazi ya kuruka. Na sahani za maji chini ya vyungu vya maua ndani ya nyumba, hizo ni shamba la mbu. Huwezi kumtundikia mgeni chandarua juu na kumfugia mbu chini.

Sasa nifike kwenye lenyewe, maana nimeona Neema ameanza kupiga miayo, namfahamu.

Upande wa mashariki wa nyumba ya wageni alikaa mama mmoja mjane, Mama Teodora. Kati ya baraza letu na jiko lake kulikuwa na uwanja wake wa kuanikia mpunga. Nyie mnaonunua mchele kwenye mifuko hamjui uwanja wa kuanikia ni nini. Hautengenezwi kwa siku moja. Unaleta udongo wa kichuguu, unaponda, unamwagia maji, unatwanga kwa miguu na magogo, unasiriba kwa kinyesi cha ng'ombe, mwaka baada ya mwaka, mpaka unakuwa mgumu kama sahani na punje haipotei hata moja. Ule aliutengeneza yeye na marehemu mumewe tangu wakiwa vijana. Mpunga wake wote ulipita pale, na wanawake wa jirani wakaanika kwake, wakampa debe kwa shukrani. Uwanja ule ndio uliokuwa mvua yake na jua lake.

Mama Meneja hakupenda wageni wakinywa chai barazani waone jiko la mtu, na moshi, na sufuria nyeusi. Akanifungulia ukurasa: mstari wa mimea mirefu ya kijani. Akasema, "Panda kitu kama hiki kizibe lile jiko." Nilichokuwa nacho ni masale, yale ya majani marefu, yanashika upesi kwa kipande tu. Nikaenda kumwomba Mama Teodora, kwa sababu mstari ulipaswa kupita ndani ya eneo lake, ubavuni kabisa mwa jiko, uwanja wa kuanikia ukibaki upande wetu.

"Mama, hodi. Tunaomba tupitishe maua hapa jikoni kwako, wageni wasione moshi."

"Moshi wangu umewakosea nini?"

"Wanatoka mjini."

Akacheka. Akasema, "Panda, mwanangu. Na mimi nimechoka wazungu kunihesabia vijiti vya kuni." Akanisaidia hata kuchota maji.

Nikachimba mashimo kumi na mawili. Makopo ya kutoboa nilikuwa nayo kumi na mawili, matupu, yale yale ya rangi. Nikayafukia, pumba, udongo, masale. Nikasimama nyuma nikaona kazi nzuri. Mzee Gaspari angekuwepo angenipiga na mpini wa jembe, maana hata mtoto wa bonde hili anajua masale si ua. Masale ni mpaka. Wazee wakigawa eneo wanapanda masale, na yakishasimama hayang'olewi. Anayeyang'oa anajichimbia kaburi, ndivyo tulivyolelewa. Mimi nililelewa hivyo hivyo. Lakini nilikuwa nimeangalia picha za yule mama siku nyingi, nikaanza kuona majani tu.

Miaka minne ikapita. Masale yakanifika kifuani. Mzee wa mtaa aliyempa mume wa Mama Teodora lile eneo akafariki, na upande ule ulikuwa haujapimwa. Ndipo Meneja akataka kujenga banda la vinywaji. Akatazama, akaona uwanja mgumu, umesawazishwa, wa bure. Akampelekea Mama Teodora taarifa kwamba asianike tena, kwa sababu eneo la nyumba ya wageni linaishia kwenye masale.

Mama Teodora akaenda baraza la kata. Kikao cha kwanza wazee wakaja kuona kwa macho. Mwenyekiti alikuwa mtu aliyehamia kutoka Kidatu, mtu wa haki lakini mgeni. Mama Teodora akaeleza habari za kuziba jiko, na binti yake akaeleza. Wazee wakasikiliza kwa heshima, halafu wote wakageuza shingo kutazama masale. Neno la mtu na masale, masale yanashinda. Meneja akasema yalikuwepo tangu nyumba haijajengwa, na kwamba mtunza bustani wake ni shahidi.

Asubuhi ile alikuwa ameniita ofisini. Hakunitisha. Alisema tu, "Skola, wewe utasema uliyakuta," huku anasaini makaratasi, kama mtu anayeagiza chai.

Mwenyekiti akaniuliza, "Mama, haya masale uliyapanda wewe au uliyakuta?"

Nikasema, "Sikumbuki vizuri."

Naandika hivyo hivyo nilivyosema. Nimewadharau watu wengi kwenye karatasi hii, na wa kwanza alipaswa kuwa mimi. Nakumbuka mche uliokufa miaka mitano nyuma na ulikufa siku gani. Mama Teodora hakunigombeza. Aliniangalia kama unavyoangalia kikapu kilichotoboka, unajiuliza kilitoboka lini. Wazee wakasema watarudi Jumamosi kutoa uamuzi.

Alhamisi jua likatoka kali. Nilikuwa nakata ua wa mbele nikamwona Mama Teodora amesimama nyuma ya masale, gunia la mpunga mbichi kichwani. Mpunga ulikuwa umenyeshewa, ukikaa siku mbili unachipua. Hakuuvuka mstari. Alisimama kwake, akaita.

"Skola, mwanangu. Naruhusiwa kuanika leo?"

Ananiuliza mimi. Juu ya uwanja aliouponda kwa miguu yake nikiwa bado nanyonya.

Nikasema, "Anika, mama."

"Sitaki ugombane na mkubwa wako."

"Anika."

Akaanika pembeni, mkeka mmoja tu, akakaa nao kana kwamba ameuazima.

Jumamosi wazee wakaja. Mwenyekiti ameshakohoa aanze kusema, mimi nikaja na jembe. Nikalikita kwenye shina la kwanza. Watu wakapiga kelele. Mzee mmoja akanishika mkono, akasema, "Binti, unataka kufa? Hayang'olewi hayo."

"Ya mpaka hayang'olewi," nikasema. "Haya ni maua. Nimeyapanda mimi."

Meneja akasema, "Skola, rudi kazini."

"Niko kazini, bosi."

Nikachimba. Mizizi ilikuwa imeshika, nilichimba mpaka jasho likaingia machoni na hakuna aliyenisaidia, wote wameogopa. Mwisho jembe likagonga. Nikaingiza mkono, nikatoa kopo. Limeliwa na kutu, lina matundu yangu matatu chini, na ukingoni rangi imegandia, nene, inang'aa kana kwamba imepakwa jana. Nikampa Mwenyekiti. Akaligeuza. Akatazama kopo, akainua macho akatazama ukuta wa nyumba ya wageni, akarudi kwenye kopo.

"Hii rangi," akasema, "hata mimi niliyehamia juzi naifahamu."

Mzee aliyenishika mkono akasema, "Fizi."

Watu wakaangua kicheko, hata binti wa Mama Teodora. Hakuna mtu Viwanja Sitini asiyekumbuka mwaka ambao nyumba ile ilipakwa fizi. Nyumba ilikuwepo miaka kabla yake, na kopo la fizi haliwezi kukaa chini ya masale ya mababu. Mwenyekiti akauliza kama na mengine kumi na moja yana makopo. Nikasema chimbeni. Walichimba mawili zaidi, wakatosheka. Meneja alikuwa ameshaingia ndani, nadhani kutazama majarida.

Wiki iliyofuata nikahamishiwa kufua mashuka, nikafua miezi minane, mpaka Meneja alipohamishwa na mkewe akafunga majarida yake kwenye sanduku. Kuhusu kufua nina neno moja: shuka jeupe halianikwi chini ya mti wenye ndege. Mnafanya hivyo mpaka leo.

Baraza la kata liliamua masale yahamishwe yakapandwe kwenye mpaka wa kweli, mita chache kutoka baraza letu, uwanja wote ukibaki kwa Mama Teodora. Likaniagiza mimi niyahamishe, kwa kuwa ndimi niliyeyapotosha. Wazee walisimama wakihesabu. Nikachimba shimo la kwanza, nikachukua kopo langu la kutu nilirudishe chini. Mama Teodora akanishika bega.

"Safari hii usiweke kitu."

"Yataoza, mama. Ardhi hii ina maji."

"Yakioza tutajua hapo si mpakani. Panda."

Nikapanda yote kumi na mawili bila kopo, bila pumba, roho inaniuma kama namzika mtu bila sanda. Masika yale maji yalifunika uwanja mzima, ilinyesha mpaka watu wakavuka kwa mitumbwi. Nilikuwa nakwenda kutazama kila asubuhi.

Hayakuoza hata moja. Yamesimama mpaka leo, mnapita hapo kila siku mkienda kununua maandazi, na yameyazidi urefu yale yote ya kwenye bustani yenye makopo chini. Mama Teodora amezikwa, binti yake anaanika. Kwa hiyo ile habari ya kopo linashika pumzi, Mzee Gaspari alinidanganya, nami nimewadanganya nyie miaka ishirini na saba. Kwa mti halina faida yoyote. Ila mkibadilisha rangi ya ukuta, fukieni.